Mawe ya Gilgali na Medali za Sandukuni

Soma Yoshua 4:1-9, 20-24, 2 Wafalme 18:4, Wafilipi 3:4-14.

Katika nyumba nyingi za Tarime na Serengeti kuna sanduku la bati chini ya kitanda. Humo huwekwa karatasi za shamba na vyeti vya shule. Kama mwenye nyumba aliwahi kukimbia mbio, humo pia kuna vitu vingine: namba ya kifuani iliyokunjika, medali ya UMISSETA iliyopoteza mng'ao, picha ya vijana wamesimama peku uwanjani. Miaka imepita, magoti yanauma, lakini mara kwa mara mzee hulifungua sanduku na kuvitazama. Je, anafanya vema? Au anatafuta utukufu wa jana kwa sababu leo hana?

Maandiko hayatupi jibu moja la haraka. Bwana aliwaagiza Israeli watoe mawe kumi na mawili katikati ya Yordani, na Yoshua akayasimamisha huko Gilgali. Kopo la mana liliwekwa kwa ajili ya vizazi vijavyo (Kutoka 16:32-34). Upanga wa Goliathi ulitunzwa kwa kuhani kule Nobu (1 Samweli 21:9). Basi kutunza ukumbusho si dhambi. Lakini nyoka wa shaba, aliyetengenezwa na Musa kwa agizo la Mungu mwenyewe (Hesabu 21:8, 9), alivunjwa vipande na Hezekia, na mfalme huyo anasifiwa kwa kufanya hivyo. Shaba ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni jinsi watu walivyoitumia: walikuwa wakiifukizia uvumba.

Tofauti iko wapi? Angalia tena Yoshua 4:6 na 21. Mawe yaliwekwa ili watoto waulize maana yake. Na mzazi alipoulizwa hakutakiwa kusimulia jinsi kizazi chake kilivyokuwa hodari wa kuvuka mito. Alitakiwa kusema yaliyotendeka kweli: maji yalizuiliwa, nasi tukapita. Ukumbusho mwema humfanya mtoto aulize, na humlazimu mzee kusema kweli. Ukumbusho uliogeuka sanamu hauulizwi swali lo lote. Hutazamwa tu, na watoto hunyamazishwa mbele yake.

Mkoa wetu wa Mara una mfano. Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita, alipata medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Katika michezo hiyo hiyo Filbert Bayi alipata fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Hadi Michezo ya Paris ya mwaka 2024 ilipomalizika, Tanzania haikuwa na medali nyingine ya Olimpiki. Ni heshima kubwa. Hata hivyo, medali ya fedha yenyewe husema kweli kwa mtoto anayeuliza: kuna aliyetangulia mbele, naye alikuwa Miruts Yifter wa Ethiopia.

Tena, jambo ambalo Watanzania hulikumbuka zaidi katika mbio halina medali kabisa. John Stephen Akhwari wa Mbulu alianguka katika marathoni ya Mexico City mwaka 1968, akaumia goti. Aliingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alikuwa wa mwisho kati ya waliomaliza. Hakuvikwa cho chote shingoni siku ile, lakini nchi nzima imetunza habari zake.

Mtu aweza kuuliza: mbona Paulo anasema kwamba anayasahau yaliyo nyuma? Soma mafungu yanayotangulia. Katika Wafilipi 3:5, 6 Paulo anataja kabila lake, Ufarisayo wake na bidii yake, moja baada ya jingine. Hakuyafuta moyoni. Aliacha kuyahesabu kuwa faida, wala hakuyaegemea tena. Kusahau kwa namna hiyo ni kukumbuka bila kuegemea.

Lakini yuko pia kijana ambaye sandukuni mwake pana nafasi tupu. Fainali yake iliangukia siku ya Sabato, naye hakukimbia. Wenzake wana medali, yeye hana. Tusimharakishie maneno ya taji la mbinguni kana kwamba hakupoteza kitu. Alipoteza, na huenda kwa miaka mingi atajiuliza kama angeshinda. Kumsikiliza ni wajibu wa kanisa. Hata hivyo, nafasi ile tupu nayo yaweza kugeuka nyoka wa shaba, pale mtu anapoanza kujisifia alichokiacha kuliko Yule aliyekiacha kwa ajili yake.

Kwa hiyo fungua sanduku lako bila hofu, lakini usilifungue peke yako kila mara. Waite watoto. Waambie nani alikukopesha raba, nani alikuchotea maji siku za mazoezi, nani alikupita mita za mwisho. Ukiweza kuyasema hayo kwa shukrani, medali ile bado ni jiwe la Gilgali.

Maswali ya Kujadili:

1. Ni kitu gani nyumbani kwako kinachokukumbusha ushindi? Watoto wako wanajua kisa chake chote, pamoja na sehemu isiyokusifu?

2. Kama ada ya shule ingehitajika na medali yako ingepata mnunuzi, ungeiuza? Jibu lako linakuonyesha nini juu ya moyo wako?

3. Darasa lenu linaweza kumsaidiaje kijana aliyekosa shindano kwa ajili ya Sabato, bila kumsifu kupita kiasi wala kudharau huzuni yake?