Watoto Wakiondoka, Mmebaki Wawili



Wadi ya Airport, hapa Changamwe, ina jina la jirani yake mkubwa, Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi. Machozi ya pale kwenye mlango wa wasafiri tumeyazoea. Kijana anakwenda Doha, binti anakwenda Riyadh au Dubai kutafuta kazi. Wazazi hupunga mkono, wakapanda matatu, wakarudi nyumbani. Usiku huo mama anasonga ugali wa watu watano, kumbe walaji ni wawili.

Hapo huanza upweke ambao wengi huona haya kuutaja. Mtu atasemaje ni mpweke na mwenzake yuko sebuleni? Lakini yawezekana. Kwa miaka 25 au 30 mazungumzo yenu yalikuwa karo, sare za shule na homa ya mtoto. Watoto wakiondoka, mazungumzo nayo huondoka. Baba akistaafu bandarini, anapoteza pia wenzake wa shifti. Anakwenda kukaa barazani hadi usiku, na mama anabaki na simu mkononi akingoja iite. Nyumba moja, wapweke wawili.

Someni pamoja Kitabu cha Tobiti. Tobiti alikuwa kipofu, na mkewe Anna alifanya kazi ya kufuma ili wapate riziki. Siku moja Anna alipewa mwana-mbuzi juu ya ujira wake, Tobiti akadhani ameibwa. Wakakosana vikali. Baadaye mwana wao wa pekee, Tobia, alisafiri mbali akachelewa kurudi. Anna alilia akiamini amekufa, na kila siku alitoka kuitazama njia. Tobiti alihesabu siku kwa hofu, ila mbele ya mkewe alijikaza na kumtuliza. Uchungu ulikuwa mmoja, lakini kila mtu aliubeba kwa njia yake.

Wengi wetu hukosana hapo. Mume husema, "Acha kulia, yule ni mtu mzima." Mke husikia kwamba mumewe hajali, kumbe naye ana donge moyoni.

Basi mfanye nini?

Kwanza, semeni. Baba, mwambie mkeo kwamba nawe unamkumbuka mtoto. Hutapungua heshima.

Pili, simu ya mtoto iwe ya wote wawili. Doha na Riyadh saa zao ni sawa na zetu, na Dubai imetutangulia saa moja tu. Pangeni jioni moja kila juma, simu iwekwe mezani, msali pamoja kabla ya kuagana.

Tatu, tokeni pamoja. Nendeni jumuiya ndogo ndogo mkiwa wawili, kisha mpitie kwa mjane wa jirani ambaye hana hata wa kununiana naye. Tangu mwaka 2021 Kanisa huadhimisha Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani kila Jumapili ya nne ya Julai. Msingoje Julai.

Nne, mwenzako akikosa usingizi, akikataa chakula au kulia kwa majuma mengi, mpeleke kwa daktari. Usimwambie imani yake ni haba. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2025 kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani husumbuliwa na upweke, na kwamba upweke hudhuru mwili pia.

Wapendwa, kumbukeni siku ya ndoa yenu. Pale altareni watoto hawakuwapo. Mliahidiana ninyi wawili, katika raha na taabu, hadi kifo. Watoto walikuja kama zawadi, na zawadi hiyo imekwenda kujenga maisha yake, kama Mungu alivyopanga tangu Mwanzo. Ahadi yenu ingali pale pale.

Maswali ya kuzungumza usiku wa leo:

1. Tangu watoto waondoke, ni saa gani ya siku inayokuwa nzito kwako?
2. Ni jambo gani tulilipenda kabla ya kupata watoto, nasi tunaweza kulianza tena juma hili?

Mungu azibariki nyumba zenu.