Nia Njema na Dhamana ya Mche

Ndugu zangu, kila tunapozungumzia kupanda miti, mjadala hufungwa kwa neno moja: nia. Hadithi ya Mtume (s.a.w.) kuhusu malipo ya Mwislamu anayepanda mti tumeifahamu tangu madrasa. Swali langu ni hili: mche niliopanda kwa nia safi ukiingiza maradhi katika shamba la jirani, je, nia hiyo inatosha?

Hili si jambo la kufikirika. Mwaka 2002 nyigu kutoka Australia, Leptocybe invasa, alikuwa ameshafika Uganda na Kenya. Urefu wake ni kama milimita moja tu. Jike hutaga mayai ndani ya mshipa wa jani changa la mkaratusi. Hapo huota vivimbe, jani hujikunja, mche hudumaa. (Mkaratusi nao ni mgeni kutoka Australia, ila huo tunauita mali.) Utafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere uliochapishwa 2009 ulikuta mashambulizi makubwa zaidi sehemu za chini zenye joto, milimani, kwenye baridi, mdudu hakuonekana. Baridi ndiyo ukuta wake. Dunia ikizidi joto, ukuta huo unasogea juu. Nyigu huyu huruka, lakini safari zake ndefu huzifanya ndani ya miche tunayoisafirisha sisi.

Mafaqihi hutenganisha dhambi na dhamana. Aliyeteleza akavunja chungu cha jirani hana dhambi, lakini chungu atakilipa. Sisi tunayachanganya mawili haya. Mkulima aliyetegemea kuuza nguzo ili alipe karo ya mwanawe hali nia yetu.

Mtu atasema asiyejua halaumiwi. Kweli. Ila sisi ripoti hizo zimo maktabani mwetu, na kutojua si udhuru wetu. Joto lenyewe ni zito zaidi: chungu hicho kimevunjwa na mamilioni ya mikono, na waliokivunja zaidi wako mbali na milima yetu. Deni hilo litadaiwa kwa muda mrefu.

La mche liko mikononi mwetu. Jumuiya inapojiandaa kupanda, rai yangu ni kwamba usichukuliwe mkaratusi wowote kabla ya kukagua majani yake machanga, mshipa wa kati na kikonyo. Wenye vivimbe ung'olewe na kuharibiwa pale pale kitaluni, hata kama tumeshaulipia.