Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 17: Msitu Ambao Hakuna Aliyeupanda



Ndugu yangu, dada yangu, leo funga ya 17, alhamdulillah. Hebu tuanze na jambo ambalo tumelizoea mpaka hatuliulizi tena. Saa nane mchana uko nyumbani peke yako. Ndoo ya maji ni yako, kikombe ni chako, kiu nayo ni yako. Hakuna mtu anayekuona, na maji hayo ni halali. Mbona hunywi?

Utasema, nimefunga. Sawa. Lakini angalia unachofundishwa hapo. Haramu tunatakiwa kuiacha miezi yote 12. Ramadhani inatuongezea somo jingine: kuacha cha halali, kilicho chetu, kilicho karibu na mkono, kwa kuwa Mwenye nacho hasa amesema subiri. Kwa hiyo kuacha nako ni kutenda. Mfungaji akiulizwa jioni, "Leo umefanya nini?" anaweza kujibu, "Nimeacha," na hiyo ikawa ibada.

Sasa lishike neno hilo, kuacha, twende nalo msituni.

Huku kwetu Mbinga, jina lenyewe la Umatengo huelezwa kuwa limetokana na neno lenye maana ya msitu mnene. Leo ukisimama juu ya kilima unaona kahawa, mahindi, mikaratusi na nyumba za bati. Msitu wa asili umebaki vipande vipande. Jumapili iliyopita asubuhi nilikwenda na mama watoto na watoto wetu watatu kwenye kipande kimoja, upande wa milimani kabla barabara haijateremka kwenda Mbamba Bay. Si safari ndefu, kwenda na kurudi haikufika saa mbili, na wadogo ambao bado hawafungi walibeba viazi vyao.

Ukiingia tu, hewa inabadilika. Nje mvua ilikuwa imekatika tangu alfajiri, lakini ndani ilikuwa bado inadondoka, jani kwa jani. Chini unakanyaga mboji laini kama godoro. Kuna gogo kubwa lililoanguka zamani, limeota uyoga, na juu yake miche midogo imejipanga kama watoto wa madrasa kwenye mkeka. Mti umekufa na bado unalea. Mkuyu mmoja tulijaribu kuuzunguka kwa mikono, watu watano, vidole havikukutana.

Mdogo wetu akauliza, "Baba, nani alipanda huu msitu?" Kabla sijafungua mdomo, mama yake akamjibu: "Hakuna aliyeupanda, mwanangu. Ila wengi wameuacha."

Jibu hilo nimelibeba wiki nzima, na leo nakukabidhi wewe. Mti wenye umri wa babu wa babu yako umepitiwa na watu wengi wenye mashoka. Mmoja alikuwa anajenga, mwingine alitaka kuni, mwingine alitamani shamba. Kila mmoja angeweza. Kingetokea kizazi kimoja tu cha kusema "sasa zamu yetu," habari ingeishia hapo. Ndiyo maana naona msitu wa kale unafanana na saumu iliyofungwa na vizazi: kila kizazi kimefunga sehemu yake, kikakabidhi. Na kama saumu yenyewe, huchukua muda mrefu kutimia, na tonge moja huivunja.

Usinielewe vibaya. Wazee hao walilima, tena walilima kwelikweli. Wametuachia ngolo: nyasi zinafyekwa, zinapangwa kwa miraba, zinafunikwa udongo, na katikati ya kila mraba linabaki shimo la kushika maji ya mvua yasikimbie na udongo. Kwa ufundi huo miteremko mikali imelisha watu kwa zaidi ya miaka 100. Kutumia ardhi si dhambi. Swali ni kama unajua pa kuishia.

Labda utaniambia: "Shehe, wazee waliacha misitu kwa kuogopa mizimu, si kwa ajili ya Mungu." Mahali pengi ilikuwa hivyo. Hata makaya ya Wamijikenda kule pwani ya Kenya, ambayo UNESCO iliyatia kwenye urithi wa dunia mwaka 2008, yamelindwa kwa miiko ya namna hiyo. Sisi tumefundishwa kutoogopa mizimu, na hilo ni haki. Lakini jiulize: hofu ile tulipoitoa, mahali pake tumeweka nini? Kama yule aliyeogopa mzimu aliuacha mti, na mimi ninayedai kumcha Aliyeuumba mti naukata bila kufikiri mara mbili, basi nina kazi ya kufanya katika huo ucha Mungu wangu.

Dini haikutuacha watupu hapa. Mtume (s.a.w.) aliitangaza Madina kuwa eneo takatifu, miti yake isikatwe. Na katika Sunan ya Abu Daud kuna onyo kali kwa anayekata mkunazi. Abu Daud alipoulizwa maana yake, alieleza kuwa ni ule mti wa nyikani ambao msafiri na mnyama hupata kivuli chake, mtu akaukata ovyo bila haki. Tafakari hapo: ni mti wa nyikani, si wa shambani kwa mtu. Kutokuwa na mpandaji hakukuufanya uwe wa kuchezewa. Kilichokosa mpandaji hakikukosa Mwenyewe.

Na wanaokitegemea ni wengi kuliko tunavyowaona. Mto Ruvuma unaanzia kwenye milima hii ya Umatengo. Mvua moja ikinyesha huku juu, tone la upande mmoja huenda na Ruvuma, mpakani mwa Msumbiji, hadi Bahari ya Hindi. Tone jirani yake hushuka Ziwa Nyasa, hutokea Malawi kwa mto Shire, huingia Zambezi, na mwisho hufika bahari ileile. Shoka lako hapa lina majirani huko kote.

Sasa nikupe jambo gumu. Mzee mmoja alinifuata baada ya swala ya Ijumaa. Ana kipande cha miti ya asili juu ya chemchemi. Akasema: "Shehe, miti ile haikupandwa na mtu, ni ya Mungu, na mimi ni mja wake. Mjukuu wangu kapangiwa shule ya bweni. Godoro sina, tranka sina, nauli sina. Nikikata michache nina dhambi?"

Sheria ya nchi inajulikana: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Nilimwambia asikate. Lakini neno "usikate" ni jepesi mdomoni mwangu, kwa sababu hapo anayefunga ni yeye, na tunaofuturu ni sisi. Maji ya chemchemi ile tunatilia udhu sote, Waislamu, na majirani zetu Wakristo wanayapikia. Haiwezekani mtu mmoja ashikilie kiu ya kijiji kizima peke yake, halafu sisi tumpe mawaidha tu. Kama kuacha kwake kunatunufaisha, gharama ya kuacha ni yetu pia. Ndiyo kazi ya sadaka. Waumini wakachanga, godoro na nauli vimepatikana. Tranka bado.

Basi leo, mwenzangu, fanya mawili. Kwanza, mtafute mtu mmoja ambaye kujizuia kwake kunakunufaisha, mjue hali yake kabla ya Magharibi. Pili, sikukuu ya Idd ikifika, wachukue watoto mwende kwenye miti mikubwa iliyo karibu nanyi, hata nusu saa. Wakikuuliza nani aliipanda, sasa unajua la kuwajibu.

Ewe Mola wetu, tukubalie tuliyoyatenda, na utukubalie tuliyoyaacha kwa ajili yako. Tujaalie tuwe wenye kukabidhi. Aamin.

Wabillahi tawfiq.