Somo la 9: Mikono Safi Mbele ya Asiyeamini

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Kutoka 23:8, Mathayo 28:11–15, Mwanzo 20:1–16, Warumi 2:14–24, 1 Petro 3:15, 16, Luka 19:1–10.

Fungu la Kukariri: Warumi 2:24. Lisome kwa sauti katika Biblia yako kila asubuhi juma hili, ukijua kwamba Paulo hawaandikii wapagani. Anawaandikia watu wa dini.

Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo ilivuka Ugogo ikafika Tabora, na hapo njia ziligawanyika: moja ilielekea Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Ziwa Viktoria. Watemi ambao misafara ilipita katika nchi zao walitoza hongo. Ililipwa kwa nguo, shanga na nyaya za shaba. Ilijadiliwa hadharani, wakati mwingine kwa siku kadhaa, na baada ya kulipa msafara uliruhusiwa kupita, kuchota maji na kununua chakula. Wasafiri waliilalamikia sana, lakini ilikuwa ushuru, na kila mtu alijua nani amelipa na nani amepokea.

Leo neno hilohilo tunalitumia kwa jambo la gizani. Hongo sasa ni malipo yanayofichwa ili mtu auziwe kilicho haki yake, au anunue kilicho haki ya mwenzake.

Juma hili tutaangalia mambo mawili ambayo kwa kawaida hatuyaweki pamoja: rushwa katika uongozi, na namna tunavyoishi na jirani anayesema hakuna Mungu. Tunapenda kusema kwamba nchi imeharibika kwa sababu watu hawamchi Mungu. Je, ni kweli kwamba wanaotoa na kupokea rushwa katika nchi yetu ni wasioamini?

Jifunze somo la juma hili ili kujiandaa kwa ajili ya Sabato ijayo.

JUMAPILI
Zawadi Inayopofusha

Soma Kutoka 23:8 na Mathayo 28:11–15. Rushwa humfanya nini mtu aliyekuwa anaona? Katika kisa cha askari wa kaburini, ni nani aliyetoa fedha?

Musa hasemi kwamba rushwa huwapofusha wajinga. Anasema huwapofusha wenye kuona. Hakimu mwenye akili na kiongozi mwenye elimu, akishapokea, huanza kuona sababu nzuri za kumpendelea aliyempa. Na katika kisa cha Mathayo, waliohesabu fedha za kununua uongo juu ya ufufuo walikuwa makuhani wakuu na wazee. Walikuwa watu wa hekalu.

Mwaka 1996 Tume ya Rais iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba ilichunguza kero ya rushwa nchini. Ilitofautisha rushwa ndogo ya mtumishi ambaye kipato chake hakimtoshi na rushwa kubwa ya wenye vyeo wanaosukumwa na tamaa ya kujilimbikizia mali. Tofauti hiyo inatusaidia kuelewa, lakini haimpi yeyote ruhusa. Sheria ya mwaka 2007 iliyounda TAKUKURU inamhesabia kosa anayetoa na anayepokea vilevile.

Tunajua pia jinsi dhambi inavyobadilishiwa jina. Mwaka 2000 sheria yetu ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Ukarimu ni jambo jema, na katika nyumba ya Mnyamwezi mgeni haondoki bila kula. Lakini mgombea anayegawa kilo za mchele mwezi wa kampeni hakaribishi wageni. Mwaka 2006 Mahakama Kuu iliitamka takrima hiyo kuwa kinyume cha Katiba, kwa kuwa ilimpa mwenye fedha nafasi ambayo maskini hana.

Makanisa nayo yamo hatarini. Mara ngapi tumemwalika mwanasiasa kuwa mgeni rasmi wa changizo bila kuuliza fedha zake zimetoka wapi wala anataka nini? Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mchango ambao Rais wa Kenya alikuwa ameutoa katika parokia moja, likaagiza urudishwe. Hatukubaliani na Wakatoliki katika mafundisho mengi. Katika hili walitufundisha.

Fikiria: Kama kanisa lako lingepewa bati zote za paa na mgombea juma moja kabla ya uchaguzi, kamati ingejibu nini? Wewe ungepiga kura gani katika kamati hiyo?

JUMATATU
Ibrahimu Huko Gerari

Soma Mwanzo 20:1–16. Katika kisa hiki ni nani aliyedanganya, na ni nani aliyetenda kwa unyofu wa moyo? Ibrahimu alitoa sababu gani katika fungu la 11?

Ibrahimu alifika Gerari na dhana moja kichwani: mahali hapa hakuna hofu ya Mungu, kwa hiyo wataniua. Kutokana na dhana hiyo akasema kwamba Sara ni dada yake. Hakuuliza wala hakuchunguza. Aliwahukumu watu kwa sababu hawakuwa wa nyumba yake, halafu akaitumia hukumu hiyo kuhalalisha uongo wake.

Mungu alipomjia Abimeleki katika ndoto, mfalme alijitetea kwamba alitenda kwa moyo safi, na Mungu akakubali kuwa ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi yake mfalme akamwita nabii wa Mungu na kumkemea. Na nabii hakuwa na jibu la maana.

Biblia haifichi aibu ya Ibrahimu. Lakini pia haisemi kwamba Abimeleki hakumhitaji Mungu: ilibidi Ibrahimu amwombee, na Mungu akaiponya nyumba yake. Yote mawili ni kweli. Mwenye imani anaweza kuwa na makosa mbele ya asiye na imani, na asiye na imani bado anaihitaji neema ambayo mwenye imani amepewa kuitangaza. Tukiishika kweli moja tu, tutapotoka.

Fikiria: Je, umewahi kusema, “Hawa hawamjui Mungu, kwa hiyo na mimi nitafanya kama wao”? Ulikuwa wapi, na ulifanya nini?

JUMANNE
Waliobeba Bila Kusimamiwa

Soma Warumi 2:14, 15. Paulo anasema nini juu ya watu wasio na sheria ambao hata hivyo hutenda yaliyo ya sheria?

Mei 1873 mmisionari David Livingstone alifia katika kijiji cha Chitambo, katika nchi inayoitwa Zambia leo. Watumishi wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliukausha mwili wake na kuanza kuubeba kuelekea pwani. Oktoba walifika Unyanyembe, karibu na Tabora, wakamkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyekuwa amekuja kumsaidia Livingstone. Cameron aliwashauri wamzike hapohapo. Walikataa. Wakaendelea kwa njia ya misafara hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874, na Aprili mwaka huo Livingstone akazikwa London.

Hapakuwa na mwajiri wa kuwakagua. Wangeweza kuuzika mwili porini na kugawana mali, na nani angejua? Chuma alikuwa amebatizwa mwaka 1865. Susi hakuwa Mkristo wakati ule; alibatizwa mwaka 1886, zaidi ya miaka kumi baada ya safari hiyo. Lakini katika uaminifu wa safari ile huwezi kuwatenganisha.

Njia hiyohiyo ilipitisha watumwa waliofungwa minyororo, na wengi wa waliowasafirisha walikuwa watu wenye dini. Pembe za ndovu zilizopita Tabora zilikwenda kutengenezewa vitufe vya piano Ulaya na Marekani, katika nchi za Kikristo. Dini ya mdomoni haikuwazuia wanunuzi wala wauzaji.

Hatusemi kwamba imani haina maana. Tunasema kwamba Mungu ameandika jambo fulani katika mioyo ya watu wote, na tunapoliona likitenda kazi kwa mtu asiye wa kwetu, tumshukuru aliyeliandika.

Fikiria: Mtaje moyoni mtu mmoja unayemfahamu ambaye hasali lakini ni mwaminifu. Umewahi kumwambia kwamba unauheshimu uaminifu wake?

JUMATANO
Bahasha

Soma Warumi 2:17–24. Orodhesha mambo ambayo msomaji wa Paulo anajivunia. Kwa nini mambo hayo yanaufanya wizi wake kuwa mbaya zaidi?

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika kamati ya ujenzi ya kanisa moja. Hati ya kiwanja chetu ilikuwa imekwama katika ofisi fulani kwa muda mrefu. Karani aliyelishika faili letu alikuwa mtu wa sala, na Biblia ilikuwa juu ya meza yake. Alituambia kwamba faili ni zito. Tukaelewa. Kamati ikakaa, tukafungua kwa maombi, tukapitisha fedha, na kwenye daftari tukaandika “usafiri.” Mimi ndiye niliyetumwa kupeleka bahasha.

Kwenye benchi nje ya ofisi alikuwa ameketi mwalimu mstaafu wa sayansi. Mtaa mzima ulijua kwamba hasali popote, na washiriki wetu wengi walikuwa hawapiti kwake hata kwenye msiba.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Umekuja na nini leo?”

Sikujibu. Akaitazama bahasha, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, “Kijana wangu, mimi siamini huyo Mungu wenu. Lakini hii ni mara yangu ya sita kukaa kwenye benchi hili. Ukiitoa hiyo, faili lenu litawekwa juu ya langu, na juu ya la yule mama pale mwenye mtoto. Mungu wako unamwambiaje?”

Niliondoka na bahasha yangu. Sitaki kujisifu: sikuondoka kwa ushujaa, niliondoka kwa aibu. Hati ilitoka baada ya miezi minane mingine. Mvua zilitukuta tukiabudu chini ya turubai, na wako wazee walionilaumu waziwazi. Lile daftari tulilisahihisha mbele ya kanisa, na siku hiyo ilikuwa ngumu kuliko mvua.

Tangu hapo nilianza kumtembelea Mwalimu. Tumebishana sana. Mpaka leo hajaamini. Lakini siku moja aliniuliza, “Kwa nini uliirudisha?” Nikapata nafasi ya kumweleza habari za Kristo. Ningeitoa ile bahasha, swali hilo asingeniuliza kamwe.

Fikiria: Ni maneno gani ya heshima tunayotumia kuficha rushwa: chai, usafiri, asante, kitu kidogo? Je, liko moja katika vitabu vya hesabu vya kanisa lako, au vya nyumba yako?

ALHAMISI
Dhamiri Haiuzwi Wala Hailazimishwi

Soma 1 Petro 3:15, 16 na Ufunuo 3:20. Petro anataka jibu letu la imani litolewe kwa namna gani? Kristo anafanya nini mlangoni?

Mwanzoni mwa 2016 chama cha watu wasioamini kuwepo kwa Mungu kilisajiliwa nchini Kenya. Miezi michache tu baadaye usajili wake ulisimamishwa, baada ya viongozi wa dini kulalamika, na shauri likafika mahakamani. Waumini wengi walifurahia kusimamishwa huko. Je, sisi tulipaswa kufurahi?

Waadventista wanajua jinsi inavyokuwa dola linapoamua siku ya kuabudu. Wako vijana wetu waliokosa mtihani kwa sababu uliwekwa siku ya Sabato. Tunapoomba wahurumiwe, tunaitegemea haki ileile anayoitegemea mtu asiyeabudu siku yoyote. Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inampa kila mtu uhuru wa uchaguzi katika mambo ya dini, na uhuru wa kubadili imani yake. Hatuwezi kuutaka uhuru huo kwa ajili yetu na kumnyima jirani.

Tukiangalia kwa makini, rushwa na kulazimisha imani ni ndugu. Rushwa hununua uamuzi ambao ulipaswa kuwa huru. Vitisho, dhihaka na kumtenga mtu hujaribu kuchukua kwa nguvu uamuzi uleule. Kristo hafanyi lolote kati ya hayo. Anabisha, na anangoja afunguliwe.

Kuvumiliana huku si kusema kwamba imani zote ni sawa. Tunaamini kwamba Mungu yupo, kwamba Neno lake ni kweli, na kwamba kila mtu atasimama katika hukumu. Unyofu wa asiyeamini haumwokoi. Wala dini yetu isiyo na unyofu haituokoi sisi. Kwa hiyo tusimchague kiongozi kwa sababu tu anaanza hotuba kwa “Bwana Yesu asifiwe,” wala tusimkatae mwaminifu kwa sababu tu hasemi hivyo. Tuulize alifanya nini na fedha za umma alizokabidhiwa.

Fikiria: Kijana wa nyumbani mwako akikuambia, “Mama, mimi siamini tena,” maneno yako ya kwanza yatakuwa yapi?

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Soma Luka 19:1–10, pamoja na sura inayomhusu Zakayo katika kitabu cha Ellen G. White, Tumaini la Vizazi Vyote.

Zakayo hakuishia kusema kwamba amesamehewa. Alitaja kiasi: nusu ya mali yake kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Toba ya rushwa ina hesabu ndani yake. Na waliokuwa wakinung'unika nje walikuwa watu wa dini.

Watemi wa zamani walipokea hongo mchana, mbele ya watu. Sisi tunaomngoja Bwana arudi hatupaswi kuwa na malipo ambayo hatuwezi kuyasoma mbele ya kanisa, au mbele ya jirani asiyeamini aliyekaa nasi kwenye benchi.

Maswali ya Kujadili:

1. Mshiriki anasema, “Bila kutoa kitu, mtoto wangu hatatibiwa.” Darasa lenu litamsaidiaje, zaidi ya kumwambia kwamba ni dhambi?

2. Linganisha dhana ya Ibrahimu juu ya Gerari na dhana zetu juu ya wasioamini. Dhana hizo zimetuzuia kufanya nini?

3. Je, kanisa linaweza kupokea mchango wa mwanasiasa? Wekeni masharti ambayo mngekuwa tayari kuyatangaza hadharani.

4. Mchague mtu mmoja katika mtaa wenu asiyeamini. Sabato hii alasiri nendeni kumsalimu, bila kijitabu mkononi. Juma lijalo elezeni darasani mlichojifunza kutoka kwake.