Chanjo ya Bure na Binti Aliyeondoka

Yasemwa mara nyingi kwamba kitu kitolewacho bure kimekwisha wafikia wote, na asiyekipata ajilaumu mwenyewe. Neno hili hatulikubali. Na ili msomaji aone sababu yetu, twamwomba atazame jinsi chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi inavyowafikia mabinti wa Mbeya na Iringa, na jinsi inavyowakosa.

Katika saratani zote, hiyo ndiyo iuayo wanawake wengi zaidi katika nchi yetu. Karibu kila mara huletwa na virusi vya HPV, jambo lililofumbuliwa na mganga Mjerumani, Harald zur Hausen, aliyetunukiwa nishani ya Nobel mwaka 2008. Serikali ya Tanzania ilianza kuwachanja wasichana wa nchi nzima mwaka 2018, pasipo malipo, na wengi wao walichanjwa shuleni. Utaratibu wa wakati ule ulikuwa huu: msichana wa miaka 14 alidungwa sindano ya kwanza, na baada ya miezi 6 akarudia ya pili.

Umri huo wa miaka 14 una neno la kutuambia. Ndio umri ambao Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamruhusu mtoto kuanza kazi nyepesi. Tena ndio umri ambao binti wa Kilolo au Mufindi, akiisha kumaliza darasa la saba, hupandishwa basi kwenda Dar es Salaam kutumika katika nyumba ya watu. Ada ya shule iliondolewa mwaka 2016, ndiyo; lakini sare, madaftari na chakula havikuondolewa, na nyumba yenye watoto watano huhesabu upya kila Januari. Basi sindano ya kwanza binti aliweza kuipata kwao, na siku muuguzi aliporudi na ya pili, yeye alikuwa mbali akifua nguo za watoto wa wengine.

Mwaka 2024 utaratibu ulibadilishwa. Dozi ikawa moja tu, na waliolengwa wakawa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Twaushukuru uamuzi huu, maana uchunguzi uliofanywa mahali mbalimbali, pamoja na Mwanza, ulionyesha kwamba dozi moja huamsha kinga iliyo imara. Hata hivyo, binti asiye darasani hana mwalimu wa kumwita kwa jina. Sharti apelekwe zahanati. Na ampelekaye ni nani? Mama aliye kibarua katika mpunga wa Mbarali au katika chai ya Mufindi, akiacha kazi siku moja, siku hiyo hakuna ujira. Wakati wa masika nauli ya bodaboda hupanda, njia huwa tope, naye afikapo aweza kuambiwa arudi siku nyingine. Mtume Yakobo alikwisha kutuonya juu ya mtu amwambiaye ndugu aliye uchi aende kwa amani akaote moto, wala asimpe nguo.

Hapa ndipo penye ugumu wa swali lenyewe. Hasara ya mama yaonekana leo jioni, chungu kikiwa kitupu. Saratani huchukua miaka 15 au 20 hata ikomae, na upesi zaidi kwa mwanamke mwenye VVU, ambaye hatari yake ni mara 6. Nasi tusisahau tunaishi wapi: katika upimaji wa mwaka 2022 na 2023, VVU vilionekana kwa watu wazima 11 katika kila mia mkoani Iringa, na karibu 10 katika kila mia mkoani Mbeya. Ubaya ukawiao hivyo hauna mshitakiwa. Mwajiri wa zamani hatakumbuka hata jina la binti. Atakayekumbuka ni ndugu aliyeuza ng'ombe ili mgonjwa apate mionzi Ocean Road, safari ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya zaidi ya kilomita 800 kwa mtu wa Mbeya.

Wako wazazi wema wanaokataa kwa sababu nyingine: wahofu kwamba chanjo itamfungulia binti mlango wa uasherati. Twaiheshimu hofu yao kuhusu usafi wa moyo, bali hoja yao haisimami. Msichana aliyejitunza hata siku ya ndoa aweza kuambukizwa na mume wake mwenyewe. Na mtumishi wa miaka 14, alalaye jikoni katika nyumba isiyo ya baba yake, aweza kutendewa jeuri ambayo hakuitaka kabisa. Je, huyo naye tumwache bila kinga ili iwe fundisho? Ugonjwa haukuwekwa na Mungu uwe mlinzi wa maadili. Kazi hiyo ni yetu sisi walezi.

Kuhusu uvumi wa ugumba, twasema machache. Kuuliza si dhambi. Maaskofu wa Kenya mwaka 2014 waliuliza juu ya chanjo ya pepopunda, wakataka ipimwe. Lakini aulizaye kwa haki husikiliza jibu, na chanjo ya HPV imekwisha tolewa kwa mamilioni ya wasichana ulimwenguni, wala haikuonekana kuwafunga uzazi.

Enyi mnaowachukua mabinti wa nyanda hizi katika nyumba zenu, ulizeni kadi ya chanjo kama mnavyouliza kama ajua kupika. Akiwa hana, naye angali na umri wake, siku moja ya ruhusa na nauli ni deni lenu kwake. Nazo jumuiya ndogo ndogo za parokia zetu zajua vema, kuliko ofisi yoyote, ni nyumba ipi iliyo na binti asiyesoma na ni ipi inayojiandaa kumsafirisha. Katekista aweza kuyaandika majina hayo kwa jioni moja na kumpelekea muuguzi wa zahanati mara baada ya mtihani wa darasa la saba mwezi Septemba, kabla mabasi hayajaanza kuwachukua.