Bunduki Iliyokubali Kila Mkono

Ndugu msomaji, liko swali ambalo watu wengi huliona ni la mafundi tu, nami naliona ni la maadili. Je, bunduki iliyo rahisi zaidi kutumia ndiyo bunduki iliyo bora zaidi? Fundi atajibu ndiyo bila kusita. Atakutajia uzito wake, urefu wa kitako, mahali kidole gumba kinapoangukia, na siku zinazohitajika kumfundisha mtu asiyejua kitu. Sina ugomvi na vipimo hivyo. Ninachouliza ni hiki: vipimo vyote vikishatimia, ni kitu gani kinakuwa kimeondoka pamoja na ule ugumu?

Swali hili si geni kwetu huku Mpanda. Sisi wa Magamba tunaishi katika nchi ya misitu na wanyama, na Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974, ni jirani yetu. Ukielekea magharibi hadi Karema unaliona Ziwa Tanganyika, na ng'ambo yake ni Kongo. Makazi ya Katumba yalianzishwa kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, na wengi wao ni raia wenzetu tangu mwaka 2014. Kwa hiyo tunaijua bunduki kwa njia tatu: kwa mwindaji, kwa askari wa wanyamapori, na kwa mtu aliyeikimbia usiku akiwa na mtoto mgongoni.

Tuanze na gobore. Mtutu wake ni mrefu, na aghalabu kitako kimechongwa na fundi wa kijijini. Unamimina baruti kupitia mdomo wa mtutu, unatia kitambaa, unatia goroli au vipande vya nondo, unashindilia kwa mdeki, kisha unaweka fataki. Kazi yote hiyo ni kwa mlio mmoja tu. Baruti ikilowa, umebaki na fimbo. Ukizidisha baruti, mtutu unaweza kupasuka mbele ya uso wako. Mzee mmoja wa hapa Magamba, aliyekuwa mwindaji na akasalimisha gobore lake polisi wakati wa msamaha, aliwahi kuniambia: "Mwalimu, gobore halina haraka. Ukikosa, nyati hakungoji ushindilie tena. Kwa hiyo kabla ya kufyatua unajiuliza mara tatu."

Naomba nisieleweke vibaya. Gobore ni chombo kibaya, nami sitaki kulitukuza. Lakini angalia lilivyomlazimisha mtu. Lilimtaka awe na mwalimu, kwa sababu kipimo cha baruti hakijifunzwi kwa kubahatisha. Lilimtaka subira. Lilimpa, kati ya mlio mmoja na mwingine, muda wa kutosha hasira kupoa. Hakuna aliyekusudia kuyaweka mafunzo hayo ndani ya gobore. Yalikuwamo tu, kwa sababu chombo kilikuwa kigumu.

Kisha zikaja bunduki za wakoloni. Askari wengi wa Wajerumani walibeba bunduki ya mwaka 1871, iliyotia risasi moja moja na kutoa moshi mzito uliomfichua mpigaji. Baadaye ikaja Mauser ya mwaka 1898, yenye risasi tano. Waingereza nao walileta Lee-Enfield yenye risasi kumi. Hii ya Waingereza ilisifiwa kwa wepesi wa komeo lake: mkono haukwenda mbali, na askari aliyezoea alifyatua haraka kuliko wenzake. Tena kitako chake kilitengenezwa kwa vipimo mbalimbali, kirefu, cha kawaida na kifupi, ili bunduki ilingane na mikono ya mwenyewe. Hapo bunduki ilipimwa kama suti kwa fundi cherehani. Hata hivyo ilikuwa na uzito wa kilo nne hivi, ilirudi nyuma kwa kishindo begani, na komeo lilitaka kuvutwa kila baada ya risasi. Ilimhitaji mtu mzima aliyefundishwa.

Mwaka 1947 ndipo ilipoundwa ile ambayo hapa nchini tumezoea kuisikia ikiitwa SMG, kazi ya Mrusi Mikhail Kalashnikov. Urefu wake haufiki mita moja. Magazini yake huchukua risasi 30. Upande wa kulia ina wenzo mmoja mkubwa: juu imefungwa, katikati inamimina risasi mfululizo, chini inatoa moja moja. Wenzo huo ni mkubwa kiasi cha kusukumwa na mkono uliovaa glavu. Kitako ni kifupi, kwa kuwa askari wa Kirusi huvaa koti nene la baridi, na koti hilo hujaza nafasi iliyobaki begani. Sehemu zake za ndani zimeachiana nafasi, kwa hiyo mchanga na matope haviisumbui sana.

Rika langu la walimu tulipitia Jeshi la Kujenga Taifa, na huko tulifundishwa kufungua na kufunga silaha. Ninachokumbuka ni jinsi somo lile lilivyokuwa fupi. Vijana waliohangaika na hesabu za sehemu kwa mwaka mzima waliimudu bunduki ile kwa siku chache.

Wataalamu wa silaha watasema kwamba bunduki hiyo haistareheshi kuliko zote. Wenzo wake hupiga kelele, na mkono wa kulia hulazimika kuachia mshikio ili kuusukuma. M16 ya Wamarekani ni nyepesi zaidi, na swichi yake imewekwa pale pale kidole gumba kilipo. Mkononi ni kitu cha raha. Lakini ilipopelekwa Vietnam miaka ya 1960, mara nyingi ilikwama, na askari wengine walikutwa wamekufa bunduki ikiwa imefunguliwa. Mwaka 1967 Bunge la Marekani liliunda kamati ndogo kuchunguza jambo hilo. Risasi zilikuwa zimebadilishiwa baruti, na askari hawakupewa vifaa vya kusafishia wala mafunzo ya kutosha.

Hapo tunaona kwamba urahisi ni wa aina mbili. Kuna urahisi wa raha, unaomfaa mtu aliyekwisha fundishwa vizuri. Na kuna urahisi wa msamaha, yaani chombo kinachosamehe uzembe, ujinga na udogo wa mtumiaji wake. M16 ya mwanzo ilikuwa na ule wa kwanza. Kalashnikov ina ule wa pili, nao ndio ulioieneza duniani. Hukadiriwa kwamba bunduki za ukoo huo zilizotengenezwa zinakaribia milioni 100.

Sasa nizungumze kama mtu wa chuo cha ualimu. Miaka yote niliyowafunda walimu tulisisitiza kwamba zana nzuri ya kufundishia ni ile inayomfaa hata mwanafunzi aliye nyuma kabisa darasani. Kama zana inamtaka mtoto awe hodari kwanza ndipo aitumie, zana hiyo ina kasoro. Bado naamini hivyo kuhusu abakasi, ramani na kitabu cha kusoma. Lakini ukichukua kipimo hicho hicho ukakitumia kwa bunduki, Kalashnikov ni zana bora kuliko zote. Haimwachi nyuma hata mtoto wa darasa la nne.

Na kweli haikumwacha. Mwaka 1996, majeshi ya Laurent Kabila yalipoanza safari ya kumwondoa Mobutu, ndani yake walikuwamo watoto wengi wenye silaha. Waliitwa kadogo. Neno hilo ni la lugha yetu, neno la kubembeleza ambalo mama humwita mwanawe wa mwisho. Huko Ituri, Thomas Lubanga aliwaingiza vitani watoto wa chini ya miaka 15 mwaka 2002 na 2003, na mwaka 2012 akawa mtu wa kwanza kutiwa hatiani na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Kaskazini mwa Uganda jeshi la Joseph Kony liliteka makumi ya maelfu ya watoto. Mmoja wao, Dominic Ongwen, alikua akawa kamanda, na mwaka 2021 alihukumiwa kifungo cha miaka 25. Majaji walilazimika kumtazama mtu yule yule kama mtesaji na kama mtoto aliyeibwa.

Fikiri, msomaji. Kitako kilifupishwa ili kilifae koti la baridi la Urusi. Kilipofika kwetu, kusiko na theluji wala koti, kikaukuta mkono mfupi wa mtoto, kikaukubali. Hakuna aliyewaza hilo. Chombo kilichopimwa vizuri kwa ajili ya mtu mmoja kilimkaa sawasawa mwingine ambaye hakuwamo kabisa katika hesabu.

Si watoto tu. Mwaka 1979, Idi Amin alipoanguka, Wakaramojong walivamia ghala la silaha la kambi ya Moroto. Wizi wa mifugo ulikuwapo tangu zamani, lakini kwa mikuki ulihitaji vijana wengi, na vijana wengi hawaendi bila baraka za wazee. Baada ya bunduki, vijana wachache waliweza kwenda usiku bila kumwuliza mtu. Sauti ya mzee ilidhoofika bila yeyote kumpinga baraza. Silaha ilikuwa imeifanya ruhusa yake isihitajike tena.

Najua jibu litakalotolewa, nalo lina nguvu. Mtu ataniambia: "Mwalimu, unasifu ugumu kwa sababu haujakuua. Waulize waliopigana Majimaji." Ni kweli. Mwezi Agosti mwaka 1905, watu waliishambulia boma ya Mahenge wakiwa na mikuki na magobore, wakakutana na bombom za Wajerumani. Aliyekuwa na silaha ngumu ndiye aliyekufa. Miaka sitini baadaye, wakulima wa Msumbiji waliofundishwa hapa kwetu Tanzania walirudi kwao na silaha walizoweza kujifunza upesi, na mwaka 1975 wakapata uhuru. Bendera ya nchi yao ina picha ya bunduki ya Kalashnikov hadi leo. Na askari wa wanyamapori anayekutana na majangili huko Katavi, je, nimtakie gobore? La hasha. Nchi hii ilikuwa na tembo zaidi ya 100,000 mwaka 2009, na kufikia mwaka 2014 walibaki 43,000 hivi. Anayewalinda anastahili chombo kisichomsaliti.

Kwa hiyo siwezi kusema kwamba ugumu ni wema. Ugumu haumchagui mwenye haki. Lakini naweza kusema hivi: ugumu ulikuwa mlinzi wa mlango, tena mlinzi asiyelipwa. Urahisi ulipoingia, mlinzi yule alifukuzwa kazi, na katika sehemu nyingi hakuna aliyewekwa mahali pake.

Kalashnikov mwenyewe aliliona hilo uzeeni. Mwaka 2012, akiwa na miaka zaidi ya tisini, alimwandikia Patriarki Kirill wa Kanisa la Orthodox la Urusi akieleza maumivu ya roho yake, akiuliza kama ana hatia kwa vifo vya watu waliouawa kwa bunduki yake. Alifariki mwezi Desemba 2013, na barua ikachapishwa magazetini mwezi uliofuata. Msemaji wa kanisa alieleza kwamba silaha ikitumika kuilinda nchi, kanisa humwunga mkono aliyeiunda na anayeitumia. Jibu hilo linamfariji mzee, lakini naona halikufika penye swali. Mzee aliumia kwa ajili ya mikono yote mingine ambayo bunduki iliikubali bila kuuliza inatoka wapi.

Mimi simhukumu. Aliunda silaha kwa ajili ya nchi iliyovamiwa, naye alikuwa amejeruhiwa vitani mwaka 1941. Lakini kuna kanuni ambayo ningependa kila mbunifu, kila serikali na kila mzazi aishike: unapoondoa ugumu kwenye chombo, unawajibika kuupeleka mahali pengine. Ukiutoa kwenye komeo, uweke kwenye kibali. Ukiutoa kwenye kitako, uweke kwenye kufuli ya ghala. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, inayotaka silaha ziwekwe alama na kumbukumbu zake zitunzwe, na sheria yetu ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha na risasi, kwa macho yangu, ni majaribio ya kumrudisha yule mlinzi mlangoni. Watu hulalamika kwamba taratibu hizo ni ndefu na zinachosha. Afadhali zichoshe. Ule uchovu ndio mdeki wa zama hizi.

Lakini sheria peke yake haitoshi, maana hakuna polisi katika kila nyumba. Sehemu kubwa ya ugumu huo lazima iwekwe ndani ya mtu mwenyewe, na hiyo ni kazi ya malezi. Wahenga walisema hasira hasara. Zamani gobore lilimpa mwenye hasira muda wa kulikumbuka neno hilo. Siku hizi chombo hakimpi muda wowote, kwa hiyo ni lazima awe amekwisha lijua kabla hajakishika.

Hodari wa kupima silaha hupima kama bunduki inaufaa mkono. Ni kipimo cha haki, na mafundi waendelee nacho. Kipimo cha pili, kama mkono huo unaifaa bunduki, hakipimwi kiwandani. Hupimwa nyumbani, shuleni na barazani, polepole, kwa miaka mingi, na hakuna fundi aliyewahi kukifanya kiwe rahisi.