Elimu Ikishapatikana, Udhuru Huondoka

Mpenzi msomaji, yafaa tuulizane swali ambalo wengi hulikwepa: Je, ni haki daktari kuwapa dawa wagonjwa wengine na kutowapa wenzao, ili ajue kama dawa hiyo inafaa?

Swali hili si la kubuni. Yako maradhi ya moyo yanayoanzia kooni. Mtoto huugua koo. Asipotibiwa, huenda akapata homa ya baridi yabisi, viungo vikavimba, na hatimaye vali za moyo zikaharibika. Mkazi wa milima ya Upare ataelewa upesi tukimwambia kwamba vali ni kama tundu la ndiva, yaani bwawa la kukusanyia maji ya mashamba. Tundu lisipozibika sawasawa maji hupotea. Lisipofunguka sawasawa shamba hukauka.

Tangu zamani ilijulikana kwamba aliyekwisha kupata homa hiyo hukingwa kwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne. Lakini vipi watoto wasiojisikia ugonjwa wowote, ambao dalili zao changa huonekana kwa kipimo cha mawimbi ya sauti tu? Sindano yenyewe huuma sana, na mara chache huleta madhara makubwa. Ndipo madaktari wa Uganda na wenzao wa nchi za nje walipowachagua watoto 818 huko Gulu, kwa ridhaa ya wazazi. Kwa bahati nasibu, nusu yao walichomwa sindano kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili, na nusu hawakuchomwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: ugonjwa ulizidi kwa watoto 3 tu wa kundi la kwanza, na kwa 33 wa kundi la pili.

Huenda mtu akasema: Basi hao 33 walidhulumiwa! La hasha. Dhuluma ni kumnyima mtu kheri ambayo wajua kuwa ni kheri. Siku ile hapakuwa na ajuaye kama sindano ingewafaa au ingewatesa bure, na kuwachoma wote kwa kubahatisha kusingekuwa huruma. Lakini haki haiishii hapo. Watoto wale walibeba mzigo ili sisi tujue, na sasa tunajua. Udhuru waliokuwa nao madaktari wale sisi hatunao tena.

Deni hili hulipwaje? Mfikirie mtoto wa kijiji kilicho juu katika wilaya ya Same, ambaye ugonjwa wake umekwisha kugunduliwa. Sindano ni ya dakika moja, lakini kila wiki nne yampasa kuteremka hadi kituo cha tiba, kisha apande tena, na kupanda ndiko kunakomtesa mwenye moyo dhaifu. Akikatiza sindano na vali zikaharibika kabisa, atahitaji upasuaji, pengine katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoanzishwa mwaka 2015, mbali huko Dar es Salaam. Basi anayemlipia nauli, mwalimu anayemruhusu bila kumkaripia, jirani anayemchotea maji na asimwite mvivu, hao wote ni washiriki wa tiba yake.

Wengine husema: Moyo ni wa Mwenyezi Mungu, tumwachie Yeye. Naam, ni wake, na mvua pia ni yake. Hata hivyo wazee wa Upare hawakukaa wakingoja mvua. Walichimba ndiva kwa msaragambo, kila mmoja na jembe lake, wala hatumsikii mtu akisema kwamba walipungukiwa na imani. Walipokea neema ya Mungu kwa kuitengenezea mahali pa kukaa. Na dawa nayo ni neema itakayo mahali pa kukaa.

Kwa hiyo, mpenzi msomaji, usiulize tu kama wataalamu wametimiza wajibu wao. Jiulize: katika mtaa wako, wiki nne zitakapotimia, ni nani atakayemsindikiza mtoto yule kuteremka mlima?